Majira ya Kizibao cha Moto

Desemba 2
Ijulikane kwa ukoo wote wa Thaxter, waliopo na watakaozaliwa, kwamba leo saa nne asubuhi, jikoni, mbele ya shahidi mmoja aliyecheka mpaka akashika meza, mimi Elwin Thaxter, mwenye miaka hamsini na sita na tumbo linalolingana nayo, nimevaa nguo za ndani za umeme kwa mara ya kwanza. Hotuba hazikuwapo. Shahidi alikuwa mke wangu Verna, na ndiye aliyezinunua.

Ni kizibao cheusi chenye nyaya nyembamba zilizoshonwa mgongoni na kwenye figo. Waya mmoja unatoka hadi kwenye betri ya kiunoni. Ukishavaa suti ya kuzamia juu yake, swichi inabaki nje kifuani, kubwa kama biskuti, ili glavu nene iweze kuibonyeza. Taa ya kijani ni moto kidogo, ya njano ni wa kiasi, nyekundu ni jehanamu. Nimewasha nyekundu nikakaa karibu na friji na kahawa yangu. Sikuwahi kuielewa furaha ya mkate ndani ya tanuri mpaka leo.

Kilikuja na kijitabu cha maelezo, kurasa kumi na mbili. Nimekitumia kuwashia jiko.

Desemba 3
Sasa niandike na lisilochekesha. Majira ya baridi yaliyopita vidole vyangu viligeuka vyeupe kama mishumaa, mara mbili, na mara zote mbili Verna alinivuta kutoka majini kama gunia la viazi kwa sababu sikuweza kushika ngazi ya boti. Daktari akasema damu yangu imechoka kusafiri mpaka mwisho wa mikono. Verna alilikumbuka neno hilo kiangazi kizima. Leo, akichambua maharage, ametoa hukumu.

"Sikiliza, Elwin. Utazama, na hicho kizibao utavaa. Lakini ngazi utaipanda mwenyewe. Siku nitakayokuvuta tena kwa mkono wangu, mara moja tu, suti naiuza na wewe unatafuta kazi ya nchi kavu."

"Kazi gani?"

"Kuuza chambo."

"Nitanuka."

"Kwani sasa unanukia nini?"

Nimekubali. Nimeokota makombe, wale chaza wa kuliwa, chini ya maji ya bandari yetu ya Pickett Harbor kwa miaka thelathini na moja, kwa mkono, moja moja, nikiyatia kwenye mfuko wa wavu. Sijui kufanya kitu kingine hata kimoja vizuri. Muulizeni Verna juu ya kabati nililotengeneza.

Desemba 8
Upepo. Hatukutoka.

Desemba 9
Siku ya kwanza ya majira, na mimi ni mjinga.

Nilikiwasha tangu gatini, taa nyekundu. Ilikuwa raha, siwezi kudanganya. Delmont Preble alikuwa kwenye boti ya pili, akivalishwa mtungi wa hewa na shemeji yake Sumner. Delmont ana miaka sitini na sita, amezama tangu mimi nikiwa shule, na anavaa sweta za sufu alizofumiwa na marehemu mkewe, Iris, tatu moja juu ya nyingine. Akaiona taa kifuani mwangu.

"Sumner! Hebu njoo uone! Thaxter amejiweka kwenye chaji!"

"Ni kizibao cha moto, Delmont."

"Na ukiiva tutajuaje? Unalia king'ora?"

Gati zima likacheka. Niliruka majini nikiwa nimeiva kweli. Jasho lilikuwa linanitiririka mgongoni. Maji yalikuwa nyuzi nne tu juu ya kuganda, na kwa dakika ishirini na tano nilikuwa mfalme wa bahari. Kisha taa ikazimika. Betri ilikuwa imekwisha. Lile jasho lote likageuka barafu ndani ya suti, na nikasikia baridi ambayo hata bila kizibao sijawahi kuisikia. Nilipofika kwenye ngazi vidole vilikuwa vimekufa. Nikapitisha viwiko kwenye vidato, nikapanda hivyohivyo kama kaa mlevi, na Verna amesimama juu, mikono nyuma.

"Hiyo ndiyo kupanda?"

"Mkataba haukusema kwa kiungo gani."

Hakucheka. Aliitazama mikono yangu mpaka rangi ikarudi.

Desemba 10
Verna ameuliza swali moja akinimiminia mchuzi. "Baridi inakuuma lini? Mwanzoni au mwishoni?"

Nikamwambia mwanzoni mwili una moto wake wenyewe, ni mwishoni ndipo inapouma, nikianza kupanda.

"Basi kwa nini unachoma betri mwanzoni?"

Miaka hamsini na sita. Nimemaliza shule na kila kitu.

Tatizo ni kwamba huko chini mtu husahau saa. Makombe yanamvuta, moja hapa, mawili pale. Kwa hiyo Verna atakaa na saa juu ya boti, na dakika ya thelathini na tano atakigonga chuma cha ngazi kwa spana, mara tatu. Majini sauti hufika mbali. Nikisikia, nawasha. Kabla ya hapo nakaa mkavu na mwenye baridi ya kawaida, kama Mkristo.

Desemba 11
Ko, ko, ko. Nikawasha. Nikapanda ngazi kwa vidole kumi. Verna akavihesabu.

Desemba 16
Ndoo tatu za nyama ya makombe, ndizo tunazoruhusiwa kwa siku. Nilizijaza kabla ya saa sita. Asubuhi nilikuta tosta kuukuu ya kuchomea mkate imefungwa kwenye boya langu kwa utepe wa Krismasi. Delmont alikuwa amekaa kwenye pikapu yake, anatazama mawingu.

Desemba 17
Tosta ya pili.

Desemba 25
Tumekula kwa dada yake Verna. Kila mtu amesikia habari za tosta, hata mchungaji.

Januari 6
Theluji. Hatukutoka.

Januari 7
Theluji ileile.

Januari 13
Nimezama mitungi miwili bila vidole kubadilika rangi hata kimoja. Sijawahi kupata Januari kama hii tangu nilipokuwa na kiuno. Delmont jana alizama mmoja tu akarudi mapema. Alipokuwa akipanda gatini nilimwona amejificha nyuma ya kreti, ameweka mikono kwapani, uso kijivu. Aliponiona akaitoa haraka akaanza kupiga mluzi.

Januari 15
Delmont aliniita mbele ya wanaume wote kwenye duka la chambo.

"Thaxter, mkeo anagonga nini huko juu? Kila nikiwa chini nasikia ko, ko, ko. Nadhani ni mochwari wanapima jeneza."

Wakacheka. Nilikuwa na jibu la kweli mdomoni. Nikatoa jingine.

"Anavunja barafu kwenye ngazi."

Sijui kwa nini. Najua kwa nini. Tosta zilikuwa nne.

Januari 24
Leo Delmont amenishangaza. Nilikuwa napakia mitungi, akaegesha pikapu yake karibu sana na yangu, akashusha kioo kidogo tu, kiasi cha kupitisha sauti.

"Hicho kidude chako. Kina saizi?"

"Kina saizi."

"Mtu mwenye mwili wangu huu atavaa ngapi?"

"Kubwa zaidi."

"Usimwambie mtu." Akatazama mbele kama anaendesha. "Nimeacha kuvisikia vidole vya mkono wa kushoto tangu Novemba. Sumner hajui. Kuna kitu cha kujua? Jinsi ya kukitumia?"

Ndiye mwanamume niliyekuwa nikimwona jabali. Sasa kwa macho yangu alikuwa mzee mwenye sweta tatu na mkono unaokufa, amekuja kuniuliza mimi. Nilimwonea huruma, na nikaona pia kichwani ule utepe wa Krismasi wa tosta.

"Kinawaka tu," nikasema. "Bonyeza swichi."

"Basi?"

"Basi."

Nilifikiri: mimi nilijifunza kwa kutetemeka, na yeye atetemeke siku moja, kisha nitamwambia tucheke wote. Siku moja tu.

Januari 28
Upepo.

Februari 3
Ndoo tatu. Vidole kumi.

Februari 10
Sumner anasema Delmont amepokea kifurushi na hataki kusema ni nini. Nikacheka moyoni. Kesho nitamwambia.

Februari 11
Upepo. Hatukutoka. Sikumwona.

Februari 12
Naandika kwa sababu usingizi haujaja na mikono inahitaji kazi.

Asubuhi ilikuwa tulivu, maji yanakupwa, jua jembamba. Delmont alikuwa gatini kabla yetu. Suti yake ilikuwa imefungwa mpaka shingoni, na kifuani taa nyekundu inawaka. Uso umemng'aa kwa joto. Akanikonyeza jicho ambalo Sumner hakuliona. Mdomo wangu ulifunguka. Sumner alikuwa anawasha mashine, kelele nyingi, Verna ananiita nishike kamba, nikafunga mdomo nikajiambia nitamwambia kule nje.

Kule nje hakukuwa na nafasi. Alizama upande wa mashariki, karibu na Mwamba wa Hobb, nami magharibi. Nilimaliza mtungi wa kwanza, nikapanda, nikakaa kwenye sitaha na suti yangu mwilini, nakula andazi. Verna ndiye aliyesikia Sumner akipiga kelele.

Delmont alikuwa ameibuka mita sitini hivi kutoka boti yake, upande maji yanakoelekea. Alielea chali. Hakupunga mkono, na wala hakuijaza suti yake hewa ili aelee vizuri, akawa anazama na kuibuka kama gogo. Sumner alikuwa amejaribu kumfuata akapita juu ya kamba ya boya, ikajizungusha kwenye rafadha. Mashine imekufa. Maji yalikuwa yanambeba Delmont moja kwa moja kwenye mwamba, na mawimbi yalikuwa yanaanza kupasuka pale.

Verna aliendesha kama mwendawazimu. Alifika mpaka pale ambapo angekwenda mbele zaidi tungekuwa na boti mbili za kuokoa.

"Hapa ndiyo mwisho, Elwin!"

Nikavaa mapezi, nikafunga kamba kifuani, nikawasha kizibao, nikaruka.

Nilipomfikia macho yake yalikuwa wazi. Midomo ya bluu. Akanitazama kwa upole mkubwa akasema, "Iris, umefunga kuku?"

"Nimefunga," nikamwambia. "Wote wako ndani."

Nikabonyeza hewa kwenye suti yake, nikamkumbatia kwa nyuma, nikapiga kelele. Verna akaifunga kamba kwenye kapi ya kuvutia mifuko, akatuvuta wote wawili dhidi ya mkondo. Sijui ilikuwa muda gani. Wimbi moja lilitupiga kwenye jiwe, upande wangu. Kwenye ngazi nilimsukuma Delmont kutoka chini, Verna akamvuta kutoka juu, akaingia. Kisha nikanyoosha mikono nishike kidato, na mikono ikakataa. Dakika zote zile nilikuwa nimevifumba vidole kwenye mkanda wa Delmont, sasa havikufunguka wala kufunga. Verna akanishika kwenye mikanda ya mtungi akanivuta. Nikaanguka kwenye sitaha juu ya makombe yangu mwenyewe.

Hakusema kitu juu ya mkataba, wala mimi.

Gari la wagonjwa lilikuwa linasubiri gatini.

Februari 13
Yuko hai. Wamempasha moto usiku kucha kwa mablanketi na maji ya dripu. Ameuliza kama Sumner ameharibu rafadha.

Februari 14
Mimi ni shujaa. Mchungaji amenitaja. Mke wa mwenye duka ameleta pai ya blueberi, na dada yake Verna ameleta nyingine. Watu wananisimamisha barabarani wanishike mkono, mkono uleule. Hadithi imeshakua: nilizama pima nane nikamfuata kwa harufu ya joto la kizibao. Jioni nilikula vipande vitatu vya pai. Hakuna hata kimoja nilichokisikia utamu. Nilikula hata hivyo.

Februari 16
Verna: "Kuhusu mkataba. Ulikuwa na mtu mikononi. Hiyo siihesabu."

Ilikuwa ndiyo habari njema kuliko zote za mwaka huu, na nilitoka nje nikapasua kuni zisizohitaji kupasuliwa.

Februari 17
Sumner alipita. Anasema Delmont ametoka hospitali na anauza boti.

"Anasema kosa si la umeme," Sumner akaniambia. "Kizibao cha Thaxter kinafanya kazi, changu kinafanya kazi, basi ni mimi. Mwili umekwisha. Ndivyo anavyosema. Amekaa tu jikoni."

Februari 18
Upepo. Hata kama usingekuwapo, nisingetoka.

Februari 19
Nimemwambia Verna. Nilianzia kwenye tosta, kwa sababu ndiyo sehemu inayonitetea mimi, akanikatiza.

"Alikuuliza, na wewe ulijua?"

"Nilijua."

"Ukamwambia ninavunja barafu."

"Hilo lilikuwa mapema kidogo."

Akavua miwani. Verna akivua miwani ni kwamba hataki kuniona vizuri. "Sikiliza. Zimebaki siku sita za kuzama. Boti ni yangu nusu, na nusu hiyo haitoki gatini na wewe mpaka umwambie. Si mimi. Yeye."

"Akiwaambia watu?"

"Basi watajua."

Februari 20
Hiki ndicho kilichotokea kweli. Nakiandika kwa sababu hadithi ya harufu ya joto imeshafika kaunti ya pili na sitaweza kuirudisha.

Delmont Preble hakushindwa na uzee. Aliwasha kizibao taa nyekundu gatini, kama nilivyofanya mimi Desemba, kwa sababu mtu pekee aliyekuwa ameshafanya kosa hilo alimtazama usoni mara tatu na hakusema. Mara ya kwanza dukani. Mara ya pili kwenye pikapu. Mara ya tatu asubuhi ileile gatini, ambapo nilikuwa na muda. Kelele ya mashine haikuwa kubwa kiasi hicho. Mtu anaweza kupiga kelele kuliko mashine. Nilitaka atetemeke. Nilikuwa na picha yake kichwani, anapanda ngazi kwa viwiko, na gati zima linamtazama. Niliipenda picha hiyo. Niliruka majini kwa haraka kwa sababu nilijua nakwenda kuokota kitu nilichokiangusha mwenyewe. Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Si ushujaa. Na mikono yangu iliposhindwa ngazi, Verna alinivuta.

Leo mchana nilimkuta jikoni kwake. Amevaa sweta moja tu, na ndani ya sweta hiyo alionekana mdogo. Akanionyesha kiti kwa kidevu.

"Shujaa amekuja."

"Delmont, nina jambo."

"Kama ni pai, peleka kwa Sumner. Ninazo sita."

Nikamwambia. Nilianza na gati, safari hii, si na tosta. Nikamwambia jasho linavyokuwa barafu, betri inavyokwisha, spana ya Verna ni ya nini. Nikamwambia nilijua siku aliyoniuliza. Alisikiliza akichezea kifuniko cha chupa ya dawa. Nilipomaliza, friji iliwaka na kuzimika.

"Kwa hiyo mtu anawasha mwishoni," akasema.

"Mwishoni. Ukianza kupanda."

"Ingekuchukua muda gani kuniambia?"

"Muda huohuo uliokuchukua kulirudia sasa."

Akatikisa kichwa taratibu. "Mjinga wewe."

"Ndiyo."

"Ni Verna amekutuma?"

Ningeweza kusema hapana. "Ni Verna. Ningekuja, lakini sijui lini."

"Angalau hilo ni kweli." Akakiweka kifuniko mezani. "Zile tosta zilikuwa za Iris. Alikuwa anaziokota minadani, hakuwa mtu wa kutupa kitu. Nilizitoa kwenye ghala ili nisizione." Akapumua. "Nilifikiri utacheka."

"Nilicheka. Ile ya kwanza."

Nikajiandaa anifukuze. Lakini hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa ameshuka mahali fulani, peke yake, anahesabu.

"Kwa hiyo si mwili," akasema.

"Si mwili."

"Sumner ameshaandika tangazo la boti. Nimeshasema bei." Akaisogeza chupa ya dawa pembeni. "Siku nane, Elwin, hospitali na hapa, najiambia nimekwisha."

"Mkono wa kushoto unahitaji daktari. Nitakupeleka kwa yule wangu. Lakini kilichokushinda majini siku ile hakikuwa uzee. Kilikuwa mimi."

Hakusema amenisamehe. Sitaandika kwamba alisema. Kahawa pia hakunipa, ingawa birika lilikuwa limejaa. Aliitandaza mikono yake mezani, akaikunja, akaikunjua, akaikunja tena, polepole, kidole kimoja baada ya kingine, kama mtu anayejaribu glavu mpya dukani na hataki muuzaji aone kwamba zimemkaa.